Kimea, Keki na Ualimu wa Sayansi Kimu

Sayansi kimu niliyosomea ualimu wake miaka ya 1980 ilizaliwa katika shule za misheni, ambako wasichana walifundishwa kufua, kupiga pasi, kutarizi na kuoka ili waje kuwa wake wa walimu na makarani. Chuoni bado tulishona vipande vya mishono na kuvibandika daftarini, na mkufunzi akikagua tobo la kifungo uzi kwa uzi. Mkono ulinyooka, sikatai. Lakini keki ya mayai manne ilimfaa nani hapa kwetu Chimala, mkoani Mbeya?

Katika elimu ya afya na chakula redio ilitutangulia. Kampeni za Mtu ni Afya mwaka 1973, kisha Chakula ni Uhai mwaka 1975, ziliwakalisha watu vikundi vikundi kusikiliza na kujadili. Mwaka 1983 mkoa jirani wa Iringa ukaanza mpango wa lishe pamoja na UNICEF na WHO, kwa fedha za Italia. Katika vijiji 168 vya mwanzo watoto walipimwa uzito kila baada ya miezi mitatu, na kijiji chenyewe kikakaa kuwajadili waliopungua. Mara nyingi chakula kilikuwapo nyumbani, ila mama alikuwa shambani kutwa na mtoto aliambulia uji mara mbili, tena mwepesi.

Uji mzito humshinda mtoto kumeza, mwepesi haumjengi. Ndipo kilipoingia kimea: ulezi unaloweshwa, unaoteshwa, unaanikwa, unasagwa. Unga wake kidogo ukikorogwa kwenye uji mzito uliopoa kiasi, wanga hulegea na uji unanyweka bila kuongezewa maji. Wanawake wa huku walikijua kimea tangu zamani, kwa kupikia pombe ya komoni! Kwangu mimi somo lilipata heshima yake hapo.

Mtaala wa shule ya msingi wa 1997 ulilichanganya somo hili na mengine ndani ya Stadi za Kazi. Naamini tulipoteza, maana somo lisilo na kipindi chake hukosa pia mwalimu wake. Sekondari lishe ilibaki, na Chuo Kikuu cha Sokoine kinafundisha fani hii hadi shahada.

Walimu wanafunzi wanaonijia, wavulana kwa wasichana, nawatuma kwanza sokoni: mchele wa Usangu, viazi vilivyoteremka kona 57 za barabara ya kutoka Matamba, dagaa, maharage, ulezi. Waandike bei. Andalio la somo lianze na mlo wa mtoto wa mwaka mmoja ambao mama wa hapa anaumudu.