Maji ya Ubatizo na Wokovu: Habari za Masasi na Newala

Katika mafundisho ya Kikristo ni machache yaliyojadiliwa kwa muda mrefu kama swali hili: je, mtu aweza kuokoka pasipo kubatizwa kwa maji? Injili ya Yohana yasimulia mazungumzo ya Yesu na Nikodemo, ambamo kuzaliwa kwa maji na kwa Roho kwatajwa kuwa sharti la kuingia katika ufalme wa Mungu. Injili ya Luka nayo yasimulia habari za mhalifu aliyesulubiwa pamoja na Yesu. Mtu huyo hakubatizwa na yeyote, walakini aliahidiwa peponi siku ile ile. Kati ya masimulizi haya mawili wanavyuoni wamebishana tangu karne za kwanza.

Mabishano hayo huandikwa mara nyingi kana kwamba yalikuwa ya Roma, Geneva na Oxford peke yake. Lakini kusini ya Tanzania, katika nchi ya Masasi na juu ya uwanda wa Makonde ulipo mji wa Newala, swali hilo hilo liliulizwa kwa namna nyingine, na jibu lake liligusa ndoa, mazishi na ujirani wa watu. Habari za huko zaonyesha jambo lisiloonekana upesi vitabuni: ya kuwa Kanisa lilifundisha kwa maneno kwamba maji ni ya lazima, na wakati huo huo likakiri kwa matendo yake kwamba rehema ya Mungu haikufungwa na maji.

Wamisionari wa kwanza wa Masasi walikuwa wa Misheni ya Vyuo Vikuu, ijulikanayo kwa herufi zake UMCA, iliyoanzishwa baada ya hotuba ya David Livingstone huko Cambridge mwaka 1857. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere aliondoka Unguja pamoja na kundi la watumwa waliokombolewa, akakusudia kuwarudisha bara kuelekea Ziwa Nyasa. Walipofika Masasi, penye milima ya mawe na ardhi njema, wakakaa. Hivyo kijiji cha kwanza cha Kikristo katika nchi ile kilikuwa kijiji cha watu waliokwisha kutengwa na koo zao. Kwao ubatizo haukuwa jambo la roho peke yake. Ulikuwa jina jipya, wasimamizi waliosimama mahali pa wazazi, na jamaa badala ya ile iliyopotea njiani kwenda pwani.

Makasisi wa misheni hii walikuwa wanafunzi wa ule mwamko wa Oxford ulioutilia mkazo utakatifu wa sakramenti. Miaka michache kabla ya misheni kuanzishwa, Uingereza ilikuwa imetikiswa na kesi ya kasisi George Gorham, aliyekataliwa na askofu wake kwa kuwa alikana ya kwamba mtoto huzaliwa upya kila abatizwapo. Mwaka 1850 Baraza la Malkia liliamua ya kuwa rai ya Gorham haikupingana na mafundisho ya Kanisa la Uingereza, na watu wa mwamko wa Oxford wakahuzunika sana. Basi waliokwenda Masasi hawakuwa watu wa kuuona ubatizo kuwa alama tupu. Waliamini kwa dhati ya kuwa maji yale, pamoja na neno la Utatu, hutenda kazi ndani ya nafsi ya mtu.

Hata hivyo watu hao hao hawakuwabatiza wenyeji upesi. Mwenye kutaka kuwa Mkristo aliandikwa kwanza kuwa msikilizaji. Baada ya kupimwa, alipokelewa kuwa mkatekumeni, akapewa alama ya msalaba, akaendelea kufundishwa sala, amri na imani. Muda wote huo, ambao kwa kawaida ulikuwa miaka miwili au zaidi, mwenendo wake ulitazamwa na walimu na wazee wa Kanisa. Katika ibada alikuwa na mahali pake, na ilipofika sehemu ya waliobatizwa alitoka nje. Utaratibu huo haukubuniwa Masasi. Ulifuata desturi ya Kanisa la karne za kwanza, lililokaa kati ya watu wa dini nyingine kama lilivyokaa Kanisa la Masasi.

Hapa ndipo ilipo fumbo la jambo lenyewe. Kama maji peke yake ndiyo yanayookoa, na kama asiyeyapata hupotea, basi kumwacha mtu angoje miaka miwili katika nchi ya homa, njaa na vita ni ukatili usioelezeka. Francis Xavier, mmisionari Mjesuiti wa karne ya 16 huko India, aliwabatiza watu kwa maelfu kwa sababu aliogopa hatari hiyo. Wamisionari wa Masasi hawakuwa na upendo pungufu kuliko yeye. Kuvumilia kwao kwaweza kueleweka tu ikiwa waliamini kwamba mkatekumeni afaye njiani yumo tayari mikononi mwa Mungu.

Imani hiyo ilikuwa na mizizi ya kale. Mwaka 392 Kaisari kijana Valentinian wa Pili alikufa kabla ya kubatizwa, naye Ambrosio, askofu wa Milano, alifundisha katika mazishi yake ya kuwa aliyeutamani ubatizo hakunyimwa neema yake. Katika karne ya 13 Thomas wa Aquino alieleza ubatizo wa namna tatu: wa maji, wa damu ya shahidi, na wa toba na shauku ya moyo, akaongeza ya kuwa uwezo wa Mungu haukufungwa na sakramenti zionekanazo. Kitabu cha Sala cha Kanisa la Uingereza cha mwaka 1662, ambacho ndicho kilichoongeza ibada ya kuwabatiza watu wazima kwa kuwafikiria, pamoja na wengine, wenyeji wa makoloni, kiliutaja ubatizo kuwa wa lazima kuu, lakini kikaweka sharti kwamba uwe waweza kupatikana. Sharti hilo dogo ndilo lililobeba uzito wote wa jambo. Ulazima ulikuwa juu ya mtu aliyeweza kuufikia ubatizo, wala haukuwa juu ya Mungu.

Afrika ya Mashariki yenyewe ilitoa mfano ulio wazi. Miongoni mwa mashahidi 22 Wakatoliki wa Uganda waliouawa kati ya 1885 na 1887, baadhi walibatizwa na mwenzao Karoli Lwanga muda mfupi kabla ya kufa. Mukasa Kiriwawanvu aliuawa akiwa bado mkatekumeni. Papa Paulo wa Sita alipowatangaza kuwa watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964, hakumwacha huyo nje.

Masasi nayo haikukawia kujaribiwa. Mwaka 1882 Wangoni, ambao watu wa huko waliwaita Magwangwara, waliushambulia mji wa misheni, wakachoma nyumba na kuchukua mateka. Kasisi Chauncy Maples alihamishia kazi Newala, kwa Matola, mtawala wa Kiyao aliyewapokea wageni wake kwa ukarimu. Kwa habari ya Matola twaonekana ugumu wa pili wa swali hili. Mtu huyu aliishi miaka mingi akiwa rafiki wa misheni na msikivu wa mafundisho yake pasipo kubatizwa. Kwa mtawala wa namna yake wake wengi walikuwa msingi wa ujamaa, wa mashamba na wa amani kati ya koo. Kuwaacha ili abatizwe kulikuwa ni kuvunja nyumba ya wengine kwa ajili ya nafsi yake.

Mkutano wa maaskofu wa Lambeth wa mwaka 1888 uliamua ya kuwa mwenye wake wengi asibatizwe, bali ahesabiwe kati ya wanaofundishwa mpaka hapo atakapoweza kuikubali sheria ya Kristo. Wake zake waliruhusiwa kubatizwa katika hali nyingine, kwa uamuzi wa viongozi wa mahali. Basi wazee wengi walizeeka wakiwa mlangoni. Kama maji ni ya lazima kabisa, uamuzi huo uliwafungia wokovu watu waliouamini; kama si ya lazima kabisa, ilibidi kueleza kwa nini wazuiwe. Kanisa halikutoa jibu la moja kwa moja kwa karibu miaka 100. Ni mwaka 1988 tu ambapo Mkutano wa Lambeth uliruhusu mtu wa namna hiyo abatizwe pamoja na wake zake na watoto wake waaminio, kwa sharti la kutooa tena na kwa ridhaa ya Wakristo wa mahali pake, wala asilazimishwe kuwafukuza wake aliokuwa nao.

Jaribio kubwa kuliko yote lilikuja kwa jina la maji. Mwaka 1905, katika vita vya kupinga utawala wa Wajerumani, Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe aliwagawia watu maji yaliyochanganywa na mafuta ya mbarika na mtama, akawaahidi ya kuwa risasi za Wajerumani hazitawadhuru. Vita vilienea mpaka kusini. Mnamo Agosti Askofu Mkatoliki Cassian Spiss na wenzake wanne waliuawa katika njia ya Liwale. Misheni za Wabenediktini za Lukuledi na Nyangao zilichomwa, na misheni ya Masasi ikachomwa pia.

Yawezekana kumwona mtu wa Masasi wa siku zile akiwa kati ya maji mawili. Yote mawili yalitolewa na watu walionena kwa jina la nguvu iliyo juu. Yote mawili yalikuwa na miiko. Yote mawili yaliwaunganisha watu wa makabila mbalimbali wasiokuwa ndugu. Tofauti yake ilikuwa katika ahadi. Maji ya Ngarambe yaliahidi kuulinda mwili mara moja, na kila mtu aliweza kuijaribu ahadi hiyo mbele ya bunduki. Maji ya ubatizo hayakumwahidi mtu kinga ya risasi wala ya njaa. Nao Wakristo walioona kanisa lao limechomwa hawakuweza kudai ya kuwa dawa yao ilikuwa na nguvu zaidi. Baadaye Wajerumani waliteketeza mashamba na ghala, njaa ikaua watu wengi mno. Wanahistoria hukadiria waliokufa kwa vita na njaa hata kufikia 250,000 au 300,000. Baada ya hayo, kufundisha kwamba maji ya ubatizo si dawa halikuwa somo la darasani tena. Kila mtu alikwisha kuona mwisho wa maji yaliyotazamiwa kutenda kazi yenyewe, pasipo kuubadili moyo.

Inafaa pia kukumbuka hali ya maji yenyewe katika nchi hii. Uwanda wa Makonde una mvua na misitu, lakini udongo wake hunywa maji yote, hata juu hapana mito wala visima vya kutegemewa. Kwa vizazi vingi wanawake wa Newala waliteremka mabondeni kutafuta chemchemi, wakapanda tena na mitungi kichwani. Safari hiyo iliweza kuchukua saa nyingi. Ni katika miaka ya 1950 tu ndipo mradi wa maji wa Makonde ulipoanza kuyapandisha maji kwa mitambo. Mapokeo ya Kanisa huruhusu mtu yeyote kumbatiza aliye katika hatari ya kufa, ikiwa kuna maji ya kummiminia na maneno ya Utatu yanatamkwa. Katika vijiji vya uwandani, maji machache ya kumbatizia mtoto mgonjwa usiku yalikuwa sehemu ya mzigo ambao mama alikuwa ameupandisha mlimani kwa miguu yake. Kwa watu kama hao, kwamba Mungu alichagua maji kuwa alama ya uzima kulieleweka pasipo mwalimu, na kwamba kukosekana kwa maji si dhambi ya mtu kulieleweka vile vile.

Lilikuwapo hata hivyo jambo moja ambalo halikulainika. Kitabu cha Sala kilikataza ibada yake ya maziko isisomwe kwa mtu aliyekufa bila ubatizo. Kwa hiyo mwalimu aliyemtumaini Mungu kwa ajili ya mkatekumeni wake hakuweza kumzika kwa maneno yale aliyozikiwa jirani yake aliyebatizwa. Tumaini lilikuwa moyoni, na mpaka ulikuwa kaburini. Wakatoliki nao walikuwa na uchungu wao juu ya watoto wachanga. Ni mwaka 2007 ambapo tume ya wanateolojia wa Vatikani ilieleza ya kuwa kuna sababu nzito za kutumaini wokovu wa watoto wafao kabla ya kubatizwa.

Wapo Wakristo waliokata shauri jingine. Marafiki, waitwao Quakers, waliofika Kaimosi katika Kenya mwaka 1902, na Jeshi la Wokovu, lililoingia Tanganyika mwaka 1933, hawabatizi kwa maji hata kidogo. Kwao ubatizo wa Roho watosha. Jibu hilo ni jepesi kueleweka, nalo huondoa shida ya mkatekumeni na ya mtoto mchanga. Lakini kwa Masasi lingaliondoa pia kitu kilichowafanya watumwa waliokombolewa, Wayao, Wamakua na Wamakonde kuwa jamaa moja. Vincent Lucas, askofu wa kwanza wa Masasi tangu 1926, alilijua jambo hilo alipoiingiza jando katika malezi ya Kikristo badala ya kuipiga marufuku: mtu hafanywi kuwa wa jamaa kwa wazo tu, bali kwa tendo ambalo mwili hushiriki na jirani hushuhudia.

Basi jibu lililotolewa na Masasi na Newala si la wale wasemao ya kuwa asiyeguswa na maji amepotea, wala si la wale wasemao ya kuwa maji si kitu. Aliyelisikia neno na kuweza kuufikia ubatizo aliambiwa ya kuwa hana ruhusa ya kuudharau; aliyekufa akiungoja alikabidhiwa kwa Mungu. Upungufu wa Kanisa ulikuwa mahali pengine: katika kuwaacha wazee mlangoni muda mrefu mno, na katika kuzika kwa namna mbili watu wa tumaini moja. Mafundisho yenyewe yalikuwa mapana kuliko sheria zilizowekwa kuyalinda, na sehemu kubwa ya historia ya ubatizo katika nchi ile ni historia ya sheria hizo kujifunza polepole upana wa mafundisho.