Makonyo: historia ya mafuta ya karafuu

Karafuu ikishateremshwa mtini haijawa tayari kuuzwa. Jioni watu hukaa kwenye jamvi wakachambua, matumba upande huu, makonyo upande ule. Matumba huanikwa siku kadhaa hadi yageuke rangi ya hudhurungi, na hayo ndiyo yanayopelekwa kituoni kupimwa kwa bei ya maana. Makonyo, vile vijiti vilivyoyashikilia matumba, nayo huanikwa na kuuzwa, ila kwa bei yake hakuna aliyewahi kuoa.

Hata hivyo, anayenunua chupa ndogo ya mafuta ya karafuu, iwe Mombasa, Muscat au Paris, mara nyingi hanunui kilichotoka kwenye matumba. Kilichomo kimenerekwa kutoka kwenye makonyo, au kwenye majani ya mkarafuu. Matumba yana soko lake jikoni na kwenye sigara za Indonesia, na ni ghali mno kuyachemsha kwa mapipa. Kwa hiyo historia ya mafuta haya, ambayo leo yanasifiwa kwenye maduka ya aromatherapi, yaani tiba ya harufu, kwa sehemu kubwa ni historia ya mabaki.

Mkarafuu wenyewe kwao ni Maluku, katika visiwa vidogo vya Ternate, Tidore, Moti, Makian na Bacan vilivyo Indonesia ya leo. Katika China ya utawala wa Han maofisa walitakiwa kuweka karafuu kinywani kabla ya kuzungumza na mfalme, ili pumzi yao isimkere. Karne ya 17 kampuni ya Waholanzi, VOC, ilikata mikarafuu katika visiwa vingi vya Maluku ili bidhaa iadimike na bei isishuke. Aliyeuvunja ukiritimba wa Waholanzi ni Mfaransa Pierre Poivre, ambaye mawakala wake walitorosha miche na mbegu hadi Mauritius mwaka 1770. Kutoka visiwa vya Wafaransa vya Bahari ya Hindi mkarafuu ulifika Unguja mwanzoni mwa karne ya 19, na anayetajwa kuuleta ni Saleh bin Haramil Al-Abri, Mwarabu wa Oman aliyekuwa na mashamba Mtoni na Kizimbani.

Seyyid Said, sultani wa Oman na Zanzibar, aliipenda biashara hiyo kiasi cha kuyatwaa mashamba ya Saleh. Inasimuliwa pia kwamba aliwaamuru wenye ardhi wapande mikarafuu mitatu kwa kila mnazi mmoja, na asiyetii anyang'anywe shamba. Waliopanda, waliopalilia na waliochuma walikuwa watumwa walioletwa kutoka bara, na utumwa haukufutwa kisheria Zanzibar hadi 1897. Anayeandika sifa za harufu ya visiwa hivi akaliruka hilo hajaandika historia.

Kisha ukaja upepo. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliing'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja. Pemba ilinusurika, na tangu hapo ndicho kisiwa cha karafuu. Mwanakijiji wa Konde au Mkoani anayeanika karafuu kando ya barabara leo anaishi na matokeo ya siku hiyo moja.

Mafuta yaliingiaje? Wauza dawa wa Ulaya walikuwa wakinereka karafuu tangu karne ya 16, na kazi yake kubwa ilikuwa jino. Ndani ya mafuta hayo kuna yujinoli, kemikali inayofanya karibu robo tatu hadi tisa ya kumi ya ujazo wake, na ndiyo inayotia ganzi. Madaktari wa meno bado wanaichanganya na oksaidi ya zinki kutengeneza saruji ya muda ya kuziba jino. Ile harufu inayokupokea kwenye kliniki ya meno kabla hujakaa kitini, asili yake ni karafuu.

Lakini jino halikuhitaji shehena za meli. Kilichoyapa makonyo soko ni vanila. Mwishoni mwa karne ya 19 wakemia wa Ulaya waligundua namna ya kuigeuza yujinoli kuwa vanilini, ile ladha ya vanila, kwa gharama ndogo kuliko kulisubiri ganda la vanila likomae. Makonyo ya Zanzibar yakawa malighafi. Yalisafirishwa kwa magunia hadi bandari za Ulaya yakanerekwe huko, na wengi waliokula keki na aiskrimu zenye ladha ya vanila hawakujua kuwa walikuwa wakila mazao ya mkarafuu. Baadaye, katika karne ya 20, vanilini ikaanza kutengenezwa kutokana na mabaki ya viwanda vya karatasi, na makonyo yakapoteza mnunuzi wake mkubwa. Kwa wakati huo kazi ya kunereka ilikuwa imeshaanza kufanyika Zanzibar kwenyewe. Visiwa vikajulikana kwa mafuta ya makonyo, ilhali Madagascar na Indonesia zilijulikana kwa mafuta ya majani.

Migogoro mikubwa ya karafuu, ukiwemo mgomo wa wafanyabiashara wa Kihindi wa 1937 hadi 1938 dhidi ya sheria za serikali ya kikoloni, ilihusu matumba. Hata baada ya Mapinduzi ya 1964, wananchi walipogawiwa eka tatu tatu na serikali ikabaki mnunuzi pekee, macho yalikuwa kwenye matumba. Indonesia, mnunuzi mkubwa kuliko wote, ilipanda mikarafuu yake hadi ikajitosheleza, na katika miaka ya 1980 bei ikaporomoka. Sioni ajabu kwamba ni katika dhiki kama hiyo mtu huanza kuangalia alichokuwa akikitupa pembeni.

Kiwanda cha makonyo kipo Wawi, nje kidogo ya Chake Chake kisiwani Pemba, na kwa miaka mingi kiliendeshwa na Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar (ZSTC). Kazi yenyewe haina siri. Makonyo makavu hujazwa kwenye pipa kubwa la chuma, mvuke hupitishwa kutoka chini, na unapopanda hubeba mafuta. Mvuke huo ukipita kwenye bomba lililozungukwa na maji baridi hurudi kuwa maji na mafuta. Hapo ndipo karafuu inapojitenga na wenzake. Mafuta ya mchaichai au ya mkaratusi, ambayo pia hunerekwa Wawi, huelea juu ya maji. Ya karafuu ni mazito kuliko maji, huzama, na hukingwa kutoka chini. Kilo moja ya makonyo hutoa kama gramu 50 hadi 60 za mafuta, wakati kilo ya matumba inaweza kutoa 150 au zaidi.

Aromatherapi iliyokuja kuyapa mafuta haya jina jipya ilianzia mbali na Pemba. René-Maurice Gattefossé, mkemia wa manukato wa Lyon, aliungua mikono katika mlipuko wa maabara mwaka 1910 na akavutiwa na namna mafuta ya lavenda yalivyomsaidia. Mwaka 1937 alichapisha kitabu alichokiita Aromathérapie. Daktari wa jeshi la Ufaransa, Jean Valnet, akaandika chake mwaka 1964, na baada ya hapo vichupa vikaenea duniani.

Pwani yetu ilikuwa na elimu yake ya harufu tangu zamani za kale: singo ya bibi harusi yenye karafuu, asumini na mlangilangi, udi wa kufukizia nguo, karafuu kavu sandukuni kati ya kanga. Ila singo na chupa si kitu kimoja, na wengi wanaumia kwa kuvichanganya. Karafuu ya singo ni karafuu nzima iliyosagwa. Tone la mafuta limekusanya nguvu ya makonyo yenye uzito mara nyingi kuliko tone lenyewe. Bibi aliyempaka mwari karafuu asubuhi na jioni hakuwa na chupa hiyo mkononi.

Kwa hiyo tuseme wazi. Wauzaji wanaodai mafuta ya karafuu yanatibu kisukari, saratani au upungufu wa nguvu za kiume wanauza maneno. Kinachojulikana kwa hakika ni kwamba yanatia ganzi, yanaua baadhi ya vijidudu, na harufu yake huwapendeza wengi na kuwatuliza baadhi yao. Hayo yanatosha kuyapa nafasi nyumbani.

Ukinunua, soma kibandiko. Kinapaswa kuwa na jina la kisayansi, Syzygium aromaticum au lile la zamani Eugenia caryophyllata, lililoipa yujinoli jina lake. Kinapaswa kutaja pia sehemu ya mti. Mafuta ya matumba yana harufu laini na tamu kidogo, ndiyo ya kuchagua kwa kunusa. Ya makonyo ni makali zaidi, ya majani ni makali na yana ukavu wa moshi. Si haramu, ila yasiuzwe kwa bei ya matumba. Chupa iwe ya kioo cheusi, kwa sababu mwanga huyaharibu mafuta, na yujinoli hula baadhi ya plastiki. Nyumbani tia tone kwenye glasi ya maji ukoroge. Likizama, ni dalili njema, ingawa si ushahidi kamili. Likibaki likielea, pengine umeuziwa mchanganyiko.

Kwenye ngozi yasipakwe matupu. Kipimo kinachopendekezwa ni nusu asilimia, yaani tone moja katika vijiko viwili vya chai vya mafuta ya nazi. Kwa chumba, matone mawili matatu kwenye bakuli la maji ya moto yanatosha, dirisha likiwa wazi. Jino likiuma, chovya pamba kidogo kwenye mafuta yaliyochanganywa, gusa jino lenyewe na si fizi, kisha nenda kliniki, kwani ganzi haizibi tundu. Mjamzito na anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda waulize daktari kwanza, maana yujinoli nayo hupunguza kuganda kwa damu.

Usiyanywe, na usimpe mtoto hata tone. Watoto waliomeza mafuta ya karafuu wamewahi kuharibika ini na kuingia katika hali ya kuzimia. Weka chupa mahali pa juu, mfuniko ukiwa umekazwa, na akimeza mtoto usimtapishe: mkimbize hospitali pamoja na chupa yenyewe.