Biblia Iliyokwama Njiani

Walimu wengi hudhani usawa wa mtandao ni hoja ya sisi waandishi wa programu. Hebu tuangalie historia.

Mwaka 2003 Profesa Tim Wu wa Marekani alilipa jina wazo hili: anayekuuzia intaneti asibague kinachopita humo. Mwaka 2007 shirika la habari la Associated Press lilijaribu kupakua Biblia ya King James kwa BitTorrent kupitia Comcast. Mara mbili kati ya tatu ilizuiwa. Mtambo haukujali kama ni filamu ya wizi au Maandiko. Uliona BitTorrent tu, ukatuma ujumbe bandia wa kukata mawasiliano.

Tangu hapo kanuni zimepigwa danadana: tume ya mawasiliano, FCC, iliziimarisha 2015, ikazifuta 2017, ikazirudisha 2024, na mahakama ikazitupa Januari 2025.

Mwalimu anaingia wapi? Kampuni kubwa inaweza kulipia njia ya haraka. Mwalimu mwenye tovuti ndogo ya masomo hawezi. Nikiandika programu ya hesabu, nataka imfikie mwanafunzi bila mtu wa katikati kuamua kama inastahili kupita. Mwaonaje?