Salfa katika Luseni ya Bariadi

Wasukuma wa Bariadi, mkoani Simiyu, wana majina yao ya udongo tangu zamani. Luseni ni mchanga mwepesi wa miinukoni, karibu na majabali. Mbuga ni udongo mweusi wa mabondeni, unaonata masika na kupasuka kiangazi. Historia ya salfa, kirutubisho cha mimea, mkoani humo ni hasa historia ya luseni. Mchanga huo una mboji haba, na salfa ya udongo hukaa zaidi katika mboji. Ile inayoyeyuka huzama na maji ya mvua, mizizi isiifikie.

Zizi la ng'ombe ndilo lililokuwa ghala la kwanza la salfa. Katika Mpango wa Maendeleo wa Usukuma, ulioanza mwaka 1947 na kuendeshwa kutoka Malya, serikali ya kikoloni iliwaamuru wakulima kumwaga samadi mashambani na kufunga matuta. Samadi ilipeleka salfa shambani bila mtu kuitaja. Hata hivyo, kuisomba ni kazi nzito, na shuruti ilizaa chuki. Mwishoni mwa miaka ya 1950 amri hizo zikaachwa. Ushauri wenyewe ulikuwa mwema, ulivurugwa na fimbo.

Mbolea za chumvichumvi nazo zilijaribiwa kwenye pamba katika kituo cha utafiti cha Ukiriguru, karibu na Mwanza. Salfeti ya amonia, ambayo wakulima huiita SA, ina nitrojeni asilimia 21 na salfa asilimia 24. Kiwanda cha mbolea cha Tanga kiliitengeneza kuanzia miaka ya 1970 hadi kilipofungwa mwaka 1991. Yurea na DAP, zilizotawala maduka baadaye, karibu hazina salfa kabisa.

Pengo hilo la salfa husomwa kwenye jani. Nitrojeni ikipungua, majani ya chini, yaliyozeeka, hugeuka manjano kwanza. Salfa ikipungua, huanza machanga ya juu. Mmea hauwezi kujenga protini bila salfa, hivyo hata nitrojeni iliyonunuliwa kwa fedha nyingi haitumiki ipasavyo.

Pamba ina shida yake ya pekee: baada ya mavuno, miti yake hung'olewa na kuchomwa ili kuua wadudu. Hatua hiyo ni ya lazima, lakini sehemu ya salfa hupaa na moshi. Samadi iliyopo kwa kawaida hutangulia kwenye mahindi ya jirani na nyumba; pamba ya luseni, iliyo mbali, huambulia kidogo au hukosa kabisa.