Nani Anapanga Muda wa Kunyonyesha? Hoja kutoka Tanzania na Kenya

Afrika Mashariki haina uhaba wa akina mama wanaonyonyesha. Karibu kila mtoto anayezaliwa Tanzania au Kenya hupewa ziwa. Kinachotofautiana ni muda: atanyonya maziwa ya mama pekee kwa miezi mingapi, na ataachishwa ziwa akiwa na umri gani. Shirika la Afya Duniani linapendekeza miezi 6 ya maziwa ya mama pekee, bila hata maji, kisha mtoto aendelee kunyonya huku akila vyakula vingine hadi atimize miaka 2 au zaidi. Watoto wengi wa Tanzania hunyonya hadi kukaribia umri huo, nusu yao wakipita miezi 20. Lakini wanaoimaliza ile miezi 6 ya kwanza bila kuonja maji wala uji ni wachache.

Maelezo yanayotolewa mara nyingi ni kwamba mama hajui, hivyo aelimishwe. Makala haya yanadai kwamba maelezo hayo yamechoka. Muda wa kunyonyesha huamuliwa zaidi na mambo ambayo hayamo mikononi mwa mama peke yake: saa zake za kazi, kauli za wanaomzunguka, na ujauzito unaofuata. Aidha, vipindi hivi viwili, cha maziwa pekee na cha maziwa pamoja na chakula, vimefungamana: kinachokivunja cha kwanza mara nyingi hukifupisha na cha pili.

Ushahidi wa kwanza ni wa kitabaka. Uingereza na Marekani, wanawake wenye elimu na kipato ndio wanaonyonyesha kwa muda mrefu zaidi. Katika nchi maskini mambo huwa kinyume: mama maskini humnyonyesha mtoto kwa muda mrefu kuliko tajiri. Kama elimu ya mama ndiyo ingekuwa mwamuzi mkuu, mwelekeo ungefanana kote.

Takwimu za taifa nazo zinahitaji kusomwa kwa uangalifu. Kwa mujibu wa Utafiti wa Demografia na Afya, kiwango cha Tanzania cha kunyonyesha maziwa ya mama pekee kilikuwa asilimia 41 mwaka 2004/05, kikapanda hadi 50 mwaka 2010, 59 mwaka 2015/16 na 64 mwaka 2022. Ni mafanikio halisi. Hata hivyo, kipimo hicho huuliza mtoto alikula nini katika saa 24 zilizopita, na huwaweka kapu moja watoto wote walio chini ya miezi 6, wa wiki moja pamoja na wa miezi 5. Mwaka 2015/16, miongoni mwa watoto wa miezi 4 hadi 5, waliokuwa bado kwenye maziwa pekee hawakufika theluthi moja. Nairobi, watafiti waliowafuatilia watoto wa Korogocho na Viwandani walikuta, katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2011, kwamba takriban 2 tu kati ya 100 walinyonya maziwa pekee kwa miezi 6 kamili. Kwa hiyo lililo muhimu ni kujua nini hutokea kati ya mwezi wa 2 na wa 5.

Jambo la kwanza linalotokea ni kilio. Mtoto wa wiki 6 analia jioni nzima, ananyonya, anaachia, anataka tena. Mama mkwe anamtazama na kutoa hukumu: "Maziwa yako mepesi, mwanangu, mtoto hashibi. Mpe maji ya uvuguvugu, au uji kidogo tu." Nia ni njema. Tatizo ni kwamba ziwa hutengeneza maziwa kwa kadiri linavyonyonywa. Mtoto anaponyonya, hasa usiku, mwili hutoa prolaktini inayotengeneza maziwa na oksitosini inayoyasukuma yatoke. Tumbo likijazwa maji, mtoto hunyonya mara chache. Akinyonya mara chache, maziwa hupungua kweli. Baada ya wiki chache kauli ya bibi imetimia, na mama mwenyewe ndiye shahidi wake. Mtori na uji wa pilipili manga humtia mzazi nguvu, lakini haviwezi kufanya kazi ya mdomo wa mtoto.

Jambo la pili ni kazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inampa mama likizo ya uzazi ya siku 84, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Inaruhusu pia likizo ianze wiki 4 kabla ya tarehe ya kujifungua. Anayeianza mapema hivyo hubakiwa na siku 56 za kuwa na mtoto, ilhali pendekezo la afya ni siku takriban 180. Sheria hiyo inaongeza saa 2 kwa siku za kumnyonyesha mtoto wakati wa kazi. Mchukue karani anayeishi Mbagala na kufanya kazi Posta: saa hizo 2 zinaweza kuishia kwenye foleni kabla hajafika nyumbani. Ajira haimpi pa kukamulia wala jokofu la kuhifadhia, hivyo maziwa yanamlowesha blauzi huku dada wa kazi akikoroga uji nyumbani. Kenya ilikwenda hatua mbele kwa Sheria ya Afya ya mwaka 2017, inayomtaka mwajiri atenge chumba cha kunyonyeshea. Lakini mama lishe, muuza mboga na kibarua wa shamba hawana mwajiri wa kudaiwa chumba.

Hapa ndipo kipindi cha kwanza kinapokigusa cha pili. Kunyonyesha maziwa pekee usiku na mchana huchelewesha kurudi kwa hedhi. Kwa mama ambaye hajaiona, uwezekano wa kushika mimba katika miezi 6 ya kwanza ni chini ya asilimia 2. Uji ukiingia mapema, kinga hiyo hulegea. Mimba ikiingia, mila nyingi zinaagiza ziwa liachwe mara moja. Imani ya kubemenda inasema tendo la ndoa wakati wa kunyonyesha huharibu maziwa na kumdhoofisha mtoto. Inaweza kutenganisha uzazi pale wote wawili wanapoiheshimu. Inapovunjwa, lawama humwangukia mama, na chuchu hupakwa shubiri ili mtoto alikatae ziwa siku hiyo hiyo. Kitabibu, mjamzito mwenye afya na lishe nzuri kwa kawaida anaweza kuendelea kunyonyesha.

Mila na dini zetu, hata hivyo, si vizuizi tu. Aya ya 233 ya Surat al-Baqara inataja miaka miwili kamili kwa anayetaka kuitimiza, inamwajibisha baba kumlisha na kumvisha mama, na inataka kuachisha ziwa kuwe kwa kuridhiana na kushauriana. Kwa maneno mengine, muda wa kunyonyesha unahesabiwa humo kuwa jukumu la wawili, lenye gharama anayobeba baba.

Atakayepinga atasema elimu imethibitika, na atatoa mfano wa Kenya, ambako kiwango cha kunyonyesha maziwa ya mama pekee kilipanda kutoka asilimia 32 mwaka 2008/09 hadi 61 mwaka 2014. Ni kweli. Lakini mwaka 2022 Kenya ilibaki kwenye asilimia 60, ingawa ujumbe haukukoma. Tafsiri yangu ni kwamba kampeni ziliwafikia waliokuwa na nafasi ya kubadilika. Waliobaki wanaujua ujumbe na hawana saa.

Yapo matokeo matatu ya kisera. Likizo ya uzazi ihesabiwe kuanzia siku ya kujifungua na isogezwe kuelekea miezi 6, na masoko ya halmashauri yawe na vyumba vya watoto, kwa kuwa ndiko wengi wanakofanyia kazi. Kliniki zimwite baba na bibi kwenye ushauri wa wiki ya 6, na uzazi wa mpango usiozuia maziwa utolewe hapo hapo kama sehemu ya kulinda ziwa. Mwisho, taarifa za taifa zitangulize kiwango cha watoto wa miezi 4 hadi 5. Kiwango cha jumla kitaendelea kutupongeza kwa wiki ambazo mama bado yuko likizo. Hiki kingine kitatuonyesha tulimwachia nini alipoimaliza.