Benchi la Seremala: Miaka Elfu Mbili ya Kuushika Ubao

Randa haifanyi kazi juu ya ubao unaotembea. Seremala akisukuma, ubao nao unasukumika; akipiga patasi juu ya meza nyepesi, meza inaruka na nguvu ya nyundo inapotea bure. Aliyewahi kupiga randa anaijua adha hiyo. Historia ya benchi la seremala ni historia ya watu waliohangaika kuiondoa.

Miongoni mwa mabenchi makongwe yaliyotufikia ni yale ya Saalburg, ngome ya Warumi iliyokuwa mpakani mwa dola yao, katika nchi ambayo leo ni Ujerumani. Ni ya mwishoni mwa karne ya 2. Yalipatikana ndani ya visima, na ndiyo maana hayakuoza: mti uliozama kwenye maji na tope hukosa hewa, na bila hewa uozo hauendi mbali. Benchi la Kirumi la namna hiyo lilikuwa pande la mti lenye miguu iliyochomekwa kwenye matundu, kimo chake cha kufika gotini tu. Fundi aliweza kulikalia, au kuukandamiza ubao kwa goti, uzito wa mwili wake ukifanya kazi ya kubana. Herculaneum, mji uliofukiwa na volkano ya Vesuvius mwaka 79, kulikutwa picha ya ukutani ya watoto wenye mabawa wakipasua ubao juu ya benchi fupi, na ubao umebanwa kwa chuma kilichopinda mfano wa mkongojo, kilichochomekwa tundu la benchi. Chuma hicho kinafuliwa na kuuzwa hadi leo, umbo lake likiwa karibu lile lile.

Nisieleweke kwamba anayefanya kazi chini amebaki nyuma. Seremala wa Kijapani aliyefunzwa kwa jadi hukaa chini, akavuta randa kuja kwake. Katika mwambao wetu, mafundi wa majahazi na wachongaji wa milango ya Lamu na Unguja wamefanya kazi kubwa kwa tezo, keke na patasi, mguu na goti vikisaidia kushika. Benchi refu lina faida yake mahususi: linamfaa anayepiga randa mbao ndefu kutwa nzima akiwa amesimama, bila kuumiza mgongo.

Hatua kubwa iliyofuata ilikuwa jiliwa la parafujo. Martin Löffelholz wa Nuremberg, katika kitabu cha michoro ya zana cha mwaka 1505, ameonyesha benchi lenye majiliwa ya namna hiyo. Sasa parafujo ikabana, na mikono yote miwili ikabaki huru.

Lakini mtu aliyeliandika benchi kwa ukamilifu ni André-Jacob Roubo, na kwangu hakuna aliyemfikia. Alizaliwa Paris mwaka 1739, mtoto wa seremala, naye akawa seremala. Alijifunza uchoraji na hesabu kwa msanifu majengo Blondel. Kati ya 1769 na 1775 alitoa kitabu chake kikubwa cha useremala chini ya Chuo cha Sayansi cha Ufaransa, katika mfululizo ambao vitabu vyake vingi viliandikwa na wasomi waliokwenda kuwatazama mafundi. Roubo alikuwa fundi mwenyewe, na michoro aliichora mwenyewe. Ndiyo maana maelezo yake yanajengeka.

Benchi lake lina ubao mmoja wa juu wenye unene wa inchi 5 hadi 6 za Kifaransa, yaani takriban sentimita 13 hadi 16. Ndimi za miguu ya mwaloni zinapenya ubao huo hadi zikatokeza juu. Siri iko mbele: miguu imekaa sawia na ukingo wa ubao, haikurudi ndani. Kwa hiyo ukitaka kupiga randa ubavu wa mlango, unauegemeza kwenye ukingo na mguu kwa pamoja, unaubana, nao hautikisiki. Mabenchi yanayojengwa leo kwa michoro hiyo huzidi kilo 100, na uzito huo ndio nguzo ya kazi yote.

Aliyethubutu kwenda kinyume cha uzito alikuwa Ron Hickman, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyehamia Uingereza na kusanifu gari la Lotus Elan. Mwaka 1961, akitengeneza kabati nyumbani, alitumia kiti kizuri kama benchi na msumeno ukakikata. Akabuni meza ya kukunjwa ambayo ubao wake wa juu umegawanyika mara mbili, na pengo la katikati ndilo jiliwa. Chini aliweka ngazi ya kukanyaga, ili mwili wa fundi uzuie meza isitembee. Makampuni kadhaa yalimkatalia, ikiwemo Black & Decker, ambayo baadaye ilibadili mawazo na kuitengeneza kwa jina la Workmate. Zimeuzwa makumi ya mamilioni.

Hata hivyo zipo kazi zisizokubali meza nyepesi, na mojawapo ni kujaza upya maganda ya risasi. Wawindaji wa nyati wa Marekani katika karne ya 19 walijaza upya maganda ya risasi kambini kwa koleo za mkononi, bila meza. Karne ya 20 ikaleta mashine za wenzo zinazofungwa mezani. RCBS, kampuni maarufu ya zana hizo, ilianza California mwaka 1943. Wenzo ukivutwa chini kwa nguvu, meza huinama mbele na kunyanyuka nyuma. Juu ya meza hiyo hiyo hukaa mizani ya baruti inayopima kwa greni, na greni moja haifiki hata sehemu ya kumi ya gramu. Mizani ikitikisika, kipimo kinapotea, na baruti iliyozidi inaweza kupasua bunduki mkononi mwa mpigaji. Kwa hiyo wenye shughuli hiyo hujenga kama Roubo alivyoelekeza, miguu minene na ubao wa juu mzito, kisha wakaongeza jambo ambalo yeye hakulihitaji: wanaifunga meza ukutani kwa bolti.