MKRISMASI AU MJOHORO? HISTORIA YA MAJINA YA MTI WA BUSTANI

Mwananchi aliyekwisha kujenga nyumba yake na sasa anataka kupamba bustani ya mbele kwa mti wa maua mekundu, hukabiliwa na swali la lugha kabla ya swali la kilimo. Mti wenyewe anaujua kwa macho: ameuona kando ya barabara za Dar es Salaam, Tanga na Mombasa, umetandaza matawi kama mwavuli, na ifikapo Novemba na Desemba umewaka kama moto. Lakini akifika penye miche atautaja kwa jina gani? Wako wauitao mkrismasi, na wako wauitao mjohoro. Akiomba mjohoro, huenda akapewa mti mwingine kabisa, naye asigundue kosa hilo mpaka miaka imepita na mti umetoa maua ya manjano.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi majina hayo yalivyokuja kugongana, na kupendekeza namna ya kuyatenganisha.

Mti wa maua mekundu asili yake ni Madagaska. Wenceslas Bojer, mtaalamu wa mimea kutoka Bohemia ambaye katika miaka ya 1820 alikusanya mimea Unguja, Pemba na Mombasa pia, aliuona mti huo Foulpointe, katika pwani ya mashariki ya kisiwa hicho. Mwaka 1829 ulitangazwa Uingereza kwa jina la Poinciana regia. Sehemu ya kwanza ya jina hilo ilikuwa kumbukumbu ya de Poincy, gavana Mfaransa wa visiwa vya Karibiani katika karne ya 17, mtu asiyehusika na Madagaska hata kidogo. Mwaka 1837 Rafinesque aliunda jenasi ya Delonix, jina litokanalo na maneno ya Kiyunani yenye maana ya ukucha ulio dhahiri, kwa sababu petali zake zina kikonyo chembamba mfano wa ukucha. Tangu hapo mti huu ukaja kuitwa Delonix regia. Wakati huo ulikuwa unasambazwa kwa bustani za nchi za joto duniani kote, hali makazi yake ya asili ni misitu mikavu ya magharibi na kaskazini ya Madagaska.

Mti wa pili, wenye maua ya manjano, asili yake ni Asia ya Kusini-Mashariki. Lamarck aliuita Cassia siamea mwaka 1785, akikumbuka nchi ya Siam, yaani Thailand ya leo. Mwaka 1982 wataalamu waliuhamishia jenasi ya Senna. Katika Afrika Mashariki umepandwa sana kwa ajili ya kuni, nguzo na kukinga upepo, nao ndio unaojulikana na wengi kwa jina la mjohoro.

Kwa hiyo haifai kumcheka mwananchi aliyechanganya majina. Miti yote miwili ni migeni, yote ni ya jamii ya kunde, yote hutoa maganda marefu ya mbegu, na yote hupandwa kando ya barabara. Ni desturi ya kila lugha kuuvika mti mgeni jina la mti uliokwisha kuzoeleka. Wataalamu nao, pamoja na maandishi yao yote, wamelazimika kubadili jina la kila mmoja wa miti hii.

Jina la mkrismasi lina historia ya namna nyingine. Halikutokana na umbo wala nchi ya asili, bali na majira: mti huchanua kusini mwa Ikweta inapokaribia Krismasi. Wasemaji walilichukua neno la sikukuu, wakalitia kiambishi m- cha ngeli ya miti, wakapata nomino kamili yenye wingi wake, mikrismasi. Hakuna kamati iliyokaa kulibuni. Kasoro yake ni moja tu: hukaribiana na mti wa Krismasi, yaani mvinje au msonobari upambwao nyumbani kwa sikukuu. Lakini neno moja na kirai ni vitu viwili tofauti, na tofauti hiyo yatosha iwapo tutaishika.

Katika kazi hii hatuanzi patupu. P. J. Greenway, mtaalamu wa mimea katika kituo cha Amani, milima ya Usambara, alitoa kamusi ya majina ya mimea ya Kiswahili mwaka 1937, na toleo la pili mwaka 1940. Njia yake ilikuwa kuliweka jina la wenyeji sambamba na jina la kisayansi. Njia hiyo yatufaa hata leo, kwani humzuia mwandishi asidhani kwamba kila jina lina mti wake mmoja.

Jina pekee, hata hivyo, halitoshi. Lazima liambatane na alama. Jani la mkrismasi limegawanyika mara mbili, na vijani vyake ni vidogo sana. Jani la mjohoro limegawanyika mara moja tu, na vijani vyake ni vipana zaidi, vyenye urefu wa sentimita kadhaa. Ganda la mkrismasi ni gumu kama ubao na hufika sentimita 60. La mjohoro ni jembamba, bapa, nalo kwa kawaida halizidi sentimita 30. Alama ya jani huonekana hata katika mche, kwa hiyo mnunuzi hana haja ya kungoja maua.

Kosa hili lina gharama. Mizizi ya mkrismasi hutambaa juujuu na kwa upana, nayo huweza kuinua sakafu na kupasua ukuta. Tena matawi yake hukatika katika upepo mkali. Anayeuotesha karibu na msingi akidhani ni mti mwingine, atakuja kuukata siku utakapoanza kumpa kivuli.

Pendekezo letu basi ni hili: mkrismasi liwe jina la Delonix regia, mjohoro libaki kwa Senna siamea, na mti wa Krismasi liachiwe ule upambwao kwa sikukuu. Hatubuni neno hata moja. Mara nyingi husemwa kwamba Kiswahili kina upungufu wa istilahi. Hapa upungufu haupo. Maneno yamezidi, na kazi ya msanifu ni kuyachagua kwa haki na kuwarudishia wenyewe yakiwa yamepangwa.